Kompyuta zilipowaita raia wageni: hifadhidata na sajili ya wapiga kura ya Texas

Mji wa Stafford, ulioko kusini-magharibi mwa Houston katika jimbo la Texas nchini Marekani, ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 17,000. Ulijipatia sifa mwaka 1995 ulipofuta kodi ya majengo ya manispaa, jambo ambalo miji mingi ya Marekani hailithubutu. Jambo la pili linaloutofautisha halizungumzwi sana. Mpaka wa kaunti unapita ndani ya mji wenyewe, hata sehemu yake kubwa ikawa katika kaunti ya Fort Bend na kipande kidogo kikabaki katika kaunti ya Harris. Majirani wawili wanaweza kumchagua meya mmoja na kununua mboga katika duka moja, ilhali majina yao yameandikwa katika madaftari mawili tofauti ya wapiga kura.

Kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo dogo la kiofisi. Kwa mtaalamu wa kompyuta ni swali la kukunia kichwa: mji wenye wazazi wawili huandikwaje? Na mwaka 2019 swali la jamii hiyo, yaani namna habari za watu zinavyopangwa ndani ya kompyuta, lilitoka katika vyumba vya wataalamu likawafikia makumi ya maelfu ya wakazi wa Texas, wengi wao wazaliwa wa nchi za nje waliokwisha kupata uraia wa Marekani. Walijikuta wakishukiwa kuwa wamejiandikisha kupiga kura kinyume cha sheria.

Tangazo la Januari

Ijumaa tarehe 25 Januari 2019, ofisi ya katibu wa jimbo la Texas, ambayo ndiyo inayosimamia uchaguzi katika jimbo hilo na ambayo wakati huo iliongozwa na David Whitley, ilitangaza kuwa imelinganisha orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa sajili ya wapiga kura. Ya pili ilikuwa kumbukumbu za Idara ya Usalama wa Umma, inayotoa leseni za udereva na vitambulisho. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, ulinganisho uliwabaini watu wapatao 95,000 walioandikishwa kupiga kura huku kumbukumbu za leseni zikionyesha kuwa si raia. Watu wapatao 58,000 miongoni mwao walikuwa wamepiga kura angalau mara moja kati ya mwaka 1996 na 2018.

Hizo zilikuwa tuhuma nzito. Asiye raia akipiga kura Texas anatenda kosa la jinai, na kwa mhamiaji kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Majina yalipelekwa katika kaunti, nazo zikaelezwa kwamba zinaweza kuwaandikia wahusika barua. Atakayeandikiwa na asithibitishe uraia wake katika muda wa siku 30, jina lake lingefutwa. Siku mbili baada ya tangazo Rais Donald Trump, aliyekuwa katika muhula wake wa kwanza, alizirudia takwimu hizo katika mtandao wa Twitter kama ushahidi wa udanganyifu.

Jumanne iliyofuata maafisa wa ofisi hiyo hiyo walianza kuzipigia simu kaunti, moja baada ya nyingine, kuzitahadharisha kuwa orodha ina kasoro. Watu wapatao 25,000 hawakupaswa kuwamo kabisa, kwa kuwa walikwisha kuonyesha hati za uraia katika ofisi za leseni zenyewe. Na hata baada ya kuwaondoa hao, orodha iliyobaki ilikuwa na maradhi makubwa zaidi, ambayo simu haikuweza kuyatibu.

Hakuna aliyedukua mitambo. Hakukuwa na kirusi, wala mashine iliyokosea hesabu. Kompyuta zilijibu sawasawa swali zililoulizwa, na ili kuelewa jinsi jibu sahihi lilivyoweza kuwa uzushi, inafaa kwanza kujua hifadhidata ni kitu gani.

Daftari la mwenye duka

Hifadhidata, au kanzidata kama wengi wanavyoiita Tanzania, ni zaidi ya rundo la habari lililowekwa katika kompyuta. Ni habari pamoja na kanuni ya namna zinavyopangwa na zinavyoulizwa.

Mfano mwepesi ni daftari la madeni. Mwenye duka wa Kariakoo au wa Mombasa humpa kila mteja ukurasa wake: sukari kilo mbili, unga, sabuni, na kadhalika. Akitaka kujua mteja fulani anadaiwa kiasi gani, hufungua ukurasa mmoja na jibu liko mbele yake. Lakini akitaka kuwajua wote waliokopa sukari mwezi huu, itambidi apekue daftari zima, ukurasa kwa ukurasa. Habari ni zile zile. Mpangilio ndio ulioamua swali lipi liwe jepesi na lipi liwe zito. Mpangilio huo ndio wataalamu wanaouita muundo wa data, na kwa takriban miaka 60 mabishano makubwa ya fani hii yamekuwa juu yake.

Mti wa Apollo

Houston inajulikana ulimwenguni kwa kituo chake cha safari za anga za juu, kilichoko upande wa pili wa jiji ukitokea Stafford, ambacho ndicho kilichoziongoza safari za Apollo kwenda mwezini. Safari hizo zilisaidia kuzaa mojawapo ya hifadhidata kubwa za kwanza. Chombo cha Apollo na roketi ya Saturn V vilikuwa na vipuri vingi mno, hata kuviorodhesha tu kukawa kazi inayoshinda makaratasi. Mwaka 1966 kampuni ya IBM ilishirikiana na watengenezaji wa chombo hicho, kampuni iliyokuja kuitwa North American Rockwell, pamoja na Caterpillar inayotengeneza matingatinga, kubuni mfumo wa kuihifadhi orodha hiyo. Tarehe 14 Agosti 1968, katika kiwanda cha Downey, California, mashine ya kuandikia iliyounganishwa na kompyuta ilichapa neno moja la Kiingereza lenye maana ya "tayari". Mwaka uliofuata mfumo huo ulipewa jina la IMS, na hadi leo IBM inaendelea kuuhudumia kwa ajili ya mabenki na makampuni mengine makubwa.

IMS ilipanga habari kama mti. Juu kabisa kuna chombo. Chini yake injini. Chini ya injini pampu. Chini ya pampu parafujo. Kila kitu kina mzazi mmoja tu, kama watoto wanavyohesabiwa kwa ukoo wa baba. Swali linalofuata matawi kutoka juu kwenda chini hujibiwa haraka ajabu, na ndiyo sababu mabenki hayakuuacha mfumo huo. Houston yenyewe ilipata riziki kutokana na kompyuta kubwa za aina hiyo: kampuni ya BMC Software, iliyoanzishwa mwaka 1980 na watu waliokuwa wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, ilikua kwa kuuza programu za kuzifanya kompyuta za IBM, pamoja na mfumo wa IMS, zifanye kazi kwa wepesi zaidi.

Lakini mti hauipendi Stafford. Ukianza na jimbo, ukashuka kwenye kaunti, kisha kwenye mji, kisha kwa mpiga kura, utafika mahali ambapo mji mmoja una wazazi wawili. Mti haukubali hilo. Itabidi Stafford iandikwe mara mbili, moja chini ya Fort Bend na nyingine chini ya Harris, na kila kitu cha mji kinapobadilika, kibadilishwe kote kuwili. Siku karani atakapokumbuka upande mmoja na kusahau wa pili, hifadhidata itakuwa na Stafford mbili zisizokubaliana.

Tatizo hilo lilionekana mapema. Charles Bachman, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 muundo mwingine unaofanana na wavu, ambamo kitu kimoja kinaweza kufungwa kwa wazazi wengi. Mwaka 1973 alitunukiwa tuzo ya Turing, iliyo heshima ya juu kabisa katika elimu ya kompyuta, na katika hotuba yake alimfananisha mtunga programu na nahodha anayejitafutia njia katika bahari ya data. Mfano huo watu wa pwani watauelewa vyema, pamoja na udhaifu wake: jahazi lenye nahodha hodari hufika, ila kila safari yahitaji nahodha. Kila swali jipya lilidai mtunga programu anayejua kamba ipi imefungwa wapi.

Codd na majedwali

Aliyewapumzisha manahodha hao ni Mwingereza Edgar Codd, rubani wa zamani wa Vita Vikuu vya Pili, aliyekuwa akiifanyia kazi IBM mjini San Jose, California. Mwezi Juni 1970 alichapisha makala fupi yenye hoja iliyoonekana ya kinadharia tu. Habari zote, alisema, ziandikwe katika majedwali ya kawaida yenye mistari na safu, na asiwepo mtu wa kuhitaji kujua njia ya kuzifikia. Muulizaji aseme anataka nini. Kompyuta yenyewe itafute namna ya kukipata.

Kwa Stafford dawa inakuwa rahisi. Jedwali moja ni la miji, na Stafford imeandikwa humo mara moja. Jedwali la pili ni la kaunti. La tatu lina safu mbili tu: mji na kaunti. Humo Stafford ina mistari miwili, mmoja ukiitaja Fort Bend na mwingine Harris. Kinachoyaunganisha majedwali hayo si kamba bali ni ufunguo, yaani namba au jina linaloonekana katika majedwali yote mawili. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walianzisha lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo inaitwa SQL, na karibu kila benki, hospitali, na ofisi ya serikali duniani inaitumia kwa namna moja au nyingine. Codd naye alipata tuzo ya Turing mwaka 1981.

Wenye kuisimulia historia hii kwa kawaida huishia hapo, katika ushindi. Lakini ndani ya ushindi huo mlikuwa na mlango ambao haukutazamwa vya kutosha. Katika mti na katika wavu, swali lisilotarajiwa lilikuwa gumu kuulizwa, hivyo halikuulizwa. Katika majedwali, mtu yeyote mwenye idhini anaweza kuchukua jedwali lililotengenezwa na ofisi moja kwa shughuli moja, akalifunga kwa ufunguo na jedwali la ofisi nyingine, akauliza jambo ambalo waandishi wa majedwali yote mawili hawakuliwaza hata siku moja. Kompyuta itajibu. Haitamwambia kama jedwali lile lilikuwa na uwezo wa kulijua jambo analoliuliza.

Safu isiyo na tarehe

Tumchukue, kwa mfano tu, mama aliyehamia Stafford kutoka Mombasa akiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, kile kiitwacho kadi ya kijani. Mwaka 2014 anakwenda kuchukua leseni ya udereva. Sheria ya Texas inamruhusu, na karani anazitazama hati zake na kuandika katika safu ya uraia: si raia. Karani hakukosea. Mwaka 2016 mama huyo anakula kiapo na kuwa raia wa tajnisi. Ni jambo la kawaida katika hafla za kiapo kuwakuta watu waliojitolea wakiwa na fomu za kujiandikisha kupiga kura, na raia wengi wapya hujiandikisha siku hiyo hiyo. Anapiga kura mwaka 2016 na tena mwaka 2018, kama ilivyo haki yake.

Leseni za Texas wakati ule zilidumu miaka sita. Ya kwake ingekwisha mwaka 2020, na hakuna sheria iliyomtaka arudi katika ofisi ya leseni kutangaza kuwa amepata uraia. Kwa hiyo mwezi Januari 2019 jedwali la leseni bado linasema alichokuwa mwaka 2014. Jedwali la wapiga kura linasema alichokuwa tangu mwaka 2016. Kila moja linasema kweli. Ukiyaunganisha bila kutazama tarehe, kweli hizo mbili zinazaa jambo la tatu ambalo halijapata kutokea: mgeni aliyepiga kura.

Makumi ya maelfu ya watu hupata uraia Texas kila mwaka, na mfano huu unawahusu wengi mno kati yao. Anayetumia M-Pesa anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Kila ujumbe wa salio huja na tarehe na saa, na hakuna mtu atakayekwenda kwa wakala kudai fedha kwa kumwonyesha salio la miaka mitano iliyopita. Wataalamu nao waliijua. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakiandika juu ya hifadhidata zinazobeba wakati ndani yake, ambamo kila habari ina siku iliyoanza kuwa kweli na siku iliyokoma kuwa kweli. Hata hivyo, kanuni rasmi za lugha ya SQL zilikubali kuingiza majedwali ya namna hiyo mwaka 2011 tu, na ofisi nyingi za serikali bado zinaandika hali ya mtu kwa neno moja lisilo na umri.

Jina na siku ya kuzaliwa

Kuna tatizo la pili, nalo linawagusa zaidi watu wa Afrika Mashariki. Majedwali ya ofisi mbili tofauti yanaweza kuunganishwa tu pale penye ufunguo wa pamoja. Marekani haina kitambulisho kimoja cha taifa kwa wote, hivyo ofisi hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, na tarakimu za namba ya hifadhi ya jamii, kwa mchanganyiko huu au ule.

Fomu ya Marekani inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Mzanzibari mwenye jina lake, la baba na la babu hana jina la ukoo kwa maana hiyo, na la babu ndilo linaloingizwa katika kisanduku hicho, au pengine la baba, kutegemea karani. Mohamed wa hati moja ni Muhammad katika nyingine. Na wakimbizi wengi, Wasomali na Wakongo wakiwamo, wasiokuwa na hati za kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku yao ya kuzaliwa. Houston imepokea wakimbizi wengi, na katika mwaka wa fedha wa 2016 Wakongo waliongoza kwa idadi miongoni mwa wakimbizi wote waliopokewa Marekani. Tarehe ambayo kwa Mmarekani mzaliwa humtofautisha na wengine, kwa watu hawa inawakusanya pamoja. Ufunguo unaofungua milango mingi si ufunguo tena.

Seva ngapi, na nani ana nakala ya leo

Muundo wa data ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni usanifu wa mfumo: mashine ziko wapi, ngapi, na zinazungumzaje.

Enzi ya Apollo usanifu ulikuwa rahisi: kompyuta moja kubwa, na vituo vya kuandikia visivyo na akili yao wenyewe. Baadaye kompyuta ndogo ziliwekwa mezani zikawa wateja wa mashine inayohudumia, yaani seva. Intaneti ilipoenea ikaongezwa ngazi ya kati, ambayo ndiyo pekee inayogusa hifadhidata kwa niaba ya simu au kompyuta ya mtumiaji.

Wasikilizaji wa Kenya hawahitaji kufundishwa neno seva. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017 upinzani ulidai seva za tume ya uchaguzi, IEBC, zifunguliwe. Mahakama ya Juu iliamuru zikaguliwe, tume haikuitekeleza amri hiyo kikamilifu, na tarehe 1 Septemba mahakama ikayafuta matokeo ya urais. Kule swali lilikuwa ni nini kilichomo ndani ya mashine. Texas swali lilikuwa ni mashine ngapi zinazomjua mtu mmoja, na ipi kati yao inayozijua habari zake za leo.

Baada ya mkanganyiko wa kura za urais katika jimbo la Florida mwaka 2000, bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2002 iliyoyataka majimbo yawe na orodha moja rasmi ya wapiga kura kwa jimbo zima. Texas ilijenga mfumo uitwao TEAM. Lakini jimbo lina kaunti 254, na kisheria anayemwandikisha mpiga kura ni kaunti. Kaunti nyingi, hasa zile ndogo, zinafanya kazi moja kwa moja ndani ya mfumo wa jimbo. Nyingine, zikiwamo kubwa kama Harris, zina mifumo yao wenyewe, kisha hupeleka mabadiliko kwenye mfumo wa jimbo na kupokea mengine. Kwa hiyo kuna orodha moja kwa jina, na nakala nyingi kwa vitendo, na kati ya nakala na nakala daima pana muda wa kuchelewa.

Pembeni ya yote hayo kuna kumbukumbu za leseni, zilizotengenezwa ili kujua nani anaruhusiwa kuendesha gari. Na mbali zaidi, mikononi mwa serikali ya shirikisho, kuna kumbukumbu za uhamiaji, ambazo ndizo pekee zinazojua siku mtu alipokula kiapo. Katika ulinganisho wa Januari 2019 ofisi ya katibu wa jimbo iliuliza swali la uraia. Jibu ilikwenda kulitafuta katika daftari la madereva.

Mahakamani

Mashirika ya kutetea haki za wapiga kura na raia wa tajnisi waliokuwamo katika orodha walifungua kesi. Tarehe 27 Februari 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini San Antonio, Fred Biery, aliziamuru kaunti zisimwandikie mtu barua ya kudai uthibitisho wala kulifuta jina lake bila idhini ya mahakama. Jaji huyo hakuona ushahidi wa udanganyifu ulioenea, na aliukosoa vikali utaratibu uliotumika kwa namna ulivyowatia hofu raia wasio na hatia.

Tarehe 26 Aprili pande hizo zilifikia makubaliano. Jimbo lilikubali kuifuta orodha na kulipa dola 450,000 za gharama za mawakili. Mwezi uliofuata Whitley alijiuzulu, baada ya baraza la seneti la Texas kumaliza kikao chake bila kumthibitisha katika wadhifa huo.

Kifungu cha makubaliano kilichoandikwa magazetini kwa mstari mmoja tu ndicho chenye uzito kwa mada hii. Tangu hapo, jimbo lingeweza kumtilia shaka mpiga kura pale tu ambapo alijiandikisha kwanza kupiga kura, na baadaye, kwa tarehe ya nyuma yake, akaonyesha katika ofisi ya leseni hati inayosema si raia. Mama wa Stafford katika mfano wetu, ambaye hati yake ya leseni ilitangulia na kura ikafuata, anaondoka katika orodha. Hakuna kompyuta mpya iliyonunuliwa. Lilibadilishwa swali, likaongezewa tarehe mbili na sharti la ipi itangulie.

Barua za Fort Bend

Haikuwa dawa kamili. Mwaka 2021 jimbo lilianza tena ukaguzi kwa utaratibu huo mpya, na orodha ilikuwa fupi zaidi, ya watu wasiofika 12,000. Kaunti ya Fort Bend, yenye sehemu kubwa ya Stafford, ilituma barua zaidi ya 500. Takriban mmoja kati ya kila watu watano walioandikiwa alijibu kwa kuleta uthibitisho kuwa ni raia. Kwa wengine kimya hakikuwa na maana moja. Anayenyamaza anaweza kuwa si raia, au amehama, au barua imetupwa pamoja na matangazo ya biashara. Hifadhidata haina safu ya kuzitofautisha sababu hizo, na baada ya siku 30 zote huishia katika neno moja: imefutwa.

Mwezi Oktoba 2025 ofisi ya katibu wa jimbo, sasa chini ya Jane Nelson, ilitangaza kuwa imelinganisha sajili ya wapiga kura zaidi ya milioni 18 na mfumo wa serikali ya shirikisho uitwao SAVE, na kupata watu 2,724 wanaoweza kuwa si raia. SAVE si daftari moja. Ni dirisha linalopeleka swali katika hifadhidata kadhaa za shirikisho na kurudisha majibu, usanifu ulio karibu zaidi na chanzo cha habari kuliko kumbukumbu za leseni. Hata hivyo, kaunti ya Travis, lilipo jiji la Austin, ilipoikagua sehemu yake ya orodha iliwakuta baadhi ya watu waliokwisha kuonyesha hati za uraia katika ofisi ya leseni. Safari hii ni kumbukumbu za leseni zilizokuwa na habari mpya zaidi, na hakuna aliyezitazama kwanza.

Kwa raia mpya wa Texas njia fupi bado ni ya miguu: kwenda ofisi ya leseni na hati ya uraia au pasipoti ili safu ile ibadilishwe, bila kungoja leseni iishe. Barua ikija, hata ikionekana kama ya makosa, hujibiwa kabla ya siku 30 kwa nakala ya hati hizo hizo, na aliyefutwa anaweza kurejeshwa akithibitisha uraia wake. Kwa mkazi wa Stafford barua hutoka kwa msajili wa kaunti yake: Fort Bend kwa walio wengi, Harris kwa wale wachache walio ng'ambo ya mpaka. Jibu lipelekwe huko huko lilikotoka swali.